Bangi ya Zambarau: Rangi Ile Ilitoka Wapi, na Kwa Nini Mama Ujue

SEHEMU YA 1: Picha kwenye simu

 

Wiki hii nina mfululizo mwingine wa historia. Safari hii si historia ya chanjo wala ya kadi ya kliniki. Ni historia ya rangi ya mmea mmoja ambao wengi wetu tukiutaja tunashusha sauti: bangi.

Kwa nini nimefika huku? Siku moja kliniki alikuja binti, mimba yake ya kwanza, wiki ya 10. Kichefuchefu kimemshika, hata harufu ya vitunguu vya jirani inamtapisha. Nikamuuliza swali letu la kila siku: kuna dawa yoyote unatumia, ya hospitali au ya kienyeji? Akanyamaza. Kisha akatoa simu akanionyesha picha.

Lilikuwa ua la bangi, lakini si ile ya kijani tunayoiona kwenye habari polisi wakiichoma. Hili lilikuwa la zambarau iliyokolea, limepakaa weupe kama sukari, na nyuzinyuzi za rangi ya chungwa zimechomoza. Zuri, sikufichi.

"Nesi, hii siyo ile ya vijiweni," akasema. "Hii ni ya zambarau. Mwenzangu ameambiwa ni laini, ni ya dawa, inakata kichefuchefu. Italetwa Jumamosi. Ile rangi si ni kama ya choya tu?"

Sikumgombeza. Mtu akikuamini mpaka akafungua simu yake mbele yako, ukamgombeza, safari ijayo hafungui. Nilimwambia asubiri, asitumie kitu, tukaongea kuhusu kichefuchefu chake. Ila swali lake nilirudi nalo nyumbani. Hivi rangi ile ilitoka wapi? Nani aliitengeneza? Na nani alisema kwamba zambarau maana yake ni laini?

Nimesoma, nikasoma tena. Kaa nami sehemu 6. Mwisho wake utaelewa kwa nini picha ile inakuhusu hata kama kwenu hakuna anayevuta.

SEHEMU YA 2: Ulimi wa mtoto aliyekula zambarau

Tuanzie jikoni, maana rangi ile unaifahamu, hujaambiwa tu jina lake.

Mtoto akila matunda ya zambarau, ulimi unabadilika rangi na fulana inaharibika. Ganda la bilinganya, juisi ya choya, kitunguu chekundu, kabichi nyekundu: karibu wote ni ukoo mmoja wa rangi. Wataalamu wanauita anthosayanini. Ipo ndani ya maji yaliyomo kwenye seli za mmea, na ina tabia moja ya ajabu: inageuka kufuatana na uchachu. Chukua maji uliyochemshia kabichi nyekundu, gawa kwenye glasi mbili. Moja kamulia ndimu, nyingine tia magadi kidogo. Ya ndimu itakuwa ya waridi, ya magadi itaelekea bluu na kijani. Fanya na watoto, watafurahi.

Mmea wa bangi nao unaweza kutengeneza rangi hiyo hiyo. Kwa kawaida hatuioni kwa sababu umbijani, yaani ile rangi ya kijani inayosaidia majani kutengeneza chakula kwa jua, imetawala. Mmea unapokaribia mwisho wa maisha yake, umbijani unapungua, na kama mmea una asili ya zambarau, hapo ndipo inapojitokeza. Usiku ukiwa wa baridi, inazidi. Kwa hiyo kuna mambo mawili: asili ya mmea wenyewe na hali ya hewa. Mmea usio na asili hiyo utaupiga baridi mpaka ufe, zambarau yenyewe huioni.

Asili ya rangi hupitaje kutoka mzazi hadi mtoto? Jibu la kwanza la uhakika lilitoka kwa mtawa, Gregor Mendel, kwenye bustani ya monasteri yao mjini Brno. Alichanganya njegere za maua ya zambarau na za maua meupe. Watoto wote wakatoka zambarau. Akawaacha watoto wale wazae wenyewe kwa wenyewe, na kwenye wajukuu weupe ukarudi: mimea 705 ya zambarau, 224 myeupe. Karibu 3 kwa 1. Alichapisha kazi yake mwaka 1866, na watu hawakuijali mpaka mwaka 1900, yeye akiwa kaburini.

Baadaye huko Cambridge, Uingereza, William Bateson na Reginald Punnett wakachanganya mimea miwili ya jamii ya njegere, ile inayopandwa kwa ajili ya harufu ya maua yake. Yote miwili ilikuwa na maua meupe, watoto wakatoka zambarau! Kumbe kila mzazi alikuwa na nusu ya kinachohitajika kutengeneza rangi, na nusu mbili zikakutana.

Shika hilo la rangi kujificha kizazi kimoja na kuibuka kingine. Ndilo walilolitumia wakulima wa bangi miaka mia baadaye, wengi wao kwa siri.

SEHEMU YA 3: Dhahabu, nyekundu, na ujanja wa jina

Neno letu "bangi" lina asili ya India, lilivuka Bahari ya Hindi na biashara, kama lilivyovuka tunda la zambarau lenyewe. Kwa hiyo mmea huu kwetu ni mgeni wa siku nyingi. Lakini mambo ya kuuza kwa rangi yalivuma sana upande mwingine wa dunia.

Miaka ya 1960, vijana wa Marekani walikuwa wakivuta bangi iliyoingizwa kutoka nchi za jirani. Haikuwa na lebo, haikuwa na maabara, wala mnunuzi hakujua imelimwa na nani. Mfanyabiashara anaitofautishaje na ya mwenzake? Kwa mahali na rangi. Ikaja Acapulco Gold, dhahabu ya Acapulco, kutoka Mexico. Ikaja Panama Red, nyekundu ya Panama. Na hapa jirani yetu ikapata sifa Malawi Gold, dhahabu ya Malawi, ambayo wenyewe wanaiita chamba na kuifunga kwenye majani hadi ikafanana na gunzi la hindi.

Sasa angalia. Rangi hizi kwa sehemu kubwa hazikutokana na mtu aliyekaa akachagua wazazi wa mmea. Zilitokana na jua, na kuchelewa kuvuna, na namna ya kukausha na kuhifadhi. Jani la kijani ukilianika vizuri linakuwa la dhahabu. Wewe mwenyewe ukikausha majani ya mlonge unaona yanavyobadilika.

Ila wanunuzi walijifunza kitu: dhahabu ni nzuri. Na wauzaji wakajifunza zaidi: mteja ananunua kwa macho kabla ya kununua kwa kitu kingine. Ni kama sokoni, nyanya nyekundu inatoka kwanza hata kama ile yenye baka ndiyo tamu. Mazoea hayo yakishajengeka, kilichobaki ni mtu wa kuitengeneza rangi makusudi.

SEHEMU YA 4: Watu waliotafuta zambarau

Miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi wa Ulaya na Marekani walisafiri kwa barabara kutoka Ulaya hadi India, kupitia Uturuki, Iran na Afghanistan. Kwenye milima ya Hindu Kush walikuta bangi tofauti: mifupi, majani mapana, imezoea baridi. Wengine wakarudi na mbegu mifukoni. Mwaka 1979 njia ile ikafungika. Iran ilipata mapinduzi, na mwisho wa mwaka huo jeshi la Urusi ya Kisovieti likaingia Afghanistan.

Lakini mbegu zilikwishafika California na Oregon. Wakulima wa huko wakazichanganya na bangi ndefu za nchi za joto. Walikuwa wanataka hasa mimea inayokomaa mapema kabla ya baridi kali. Usiku wa vuli ulipoingia, baadhi ya mimea ikageuka zambarau. Wakaipenda.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Bangi ina mimea ya kiume na ya kike, mbali mbali, kama mpapai. Ua linalouzwa ni la mmea wa kike. Kwa hiyo mtu anayetafuta rangi ana tatizo: mama anaonyesha rangi yake waziwazi, lakini baba hana ua la kuuzwa. Unamjuaje baba mwenye zambarau iliyojificha? Kwa watoto wake tu. Unapanda wengi, unangoja, unachagua mmoja, wengine unatupa. Msimu baada ya msimu. Akipatikana mama wa rangi nzuri, wanakata vipande vya matawi na kuvipanda, ili kila mche uwe yeye mwenyewe, kama tunavyofanya na mihogo.

Mmoja wa waliojulikana sana ni mfugaji wa mimea anayejiita DJ Short, wa kaskazini-magharibi mwa Marekani. Alichanganya bangi za Thailand na za Afghanistan, na kazi yake ya miaka ya 1970 na 1980 ikazaa aina iliyoitwa Blueberry, kwa harufu na rangi ya tunda la bluu.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 1983 California ilianzisha operesheni ya kuteketeza mashamba ya bangi, helikopta zikaruka juu ya milima. Wakulima wengi wakaingia ndani ya nyumba, chini ya taa. Na huko ndani mtu anaweza kudhibiti mwanga na ubaridi wa usiku. Rangi ambayo zamani ilingoja majaliwa ya hali ya hewa sasa ikawa ya kupangwa. Uholanzi, ambako sheria ililegezwa mwaka 1976, kampuni za mbegu zikastawi miaka ya 1980, na mwaka 1988 Amsterdam ikafanyika shindano la kwanza la kombe la bangi. Waamuzi wanaangalia pia sura ya ua, kama kwenye maonyesho ya mifugo.

Miaka ya 2000, bangi ikiwa imeruhusiwa California kwa ajili ya wagonjwa tangu kura ya mwaka 1996, zambarau ikavuma kweli kweli. Granddaddy Purple, yaani babu wa zambarau. Purple Kush. Majina yenyewe yanauza. Wengine wakatafuta mengine ya ajabu: majani yanayokaribia weusi, maua ya waridi, majani yenye mabaka meupe. Hayo ya mabaka hayakufika mbali. Sehemu nyeupe ya jani haina umbijani, kwa hiyo haijitengenezei chakula, na mmea unadhoofika. Mzuri kwa picha, goigoi shambani.

SEHEMU YA 5: Rangi haisemi nguvu

Sasa tuje kwenye lile la "zambarau ni laini". Hapa naomba usome taratibu.

Kemikali inayolewesha kwenye bangi inaitwa THC. Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni, watafiti wa Israeli, ndio walioitenga na kuonyesha umbo lake mwaka 1964. Inatengenezwa kwenye vinyweleo vidogo vyenye utomvu vilivyo juu ya ua. Ule weupe kama sukari niliouona kwenye picha ya binti ndio vinyweleo vyenyewe.

Zambarau inakaa ndani ya seli za jani na ua. THC inakaa kwenye vinyweleo kwa nje. Ni vyumba viwili tofauti. Unaweza kuwa na ua la zambarau lenye THC kidogo, na la zambarau lenye THC nyingi mno. Ua la kijani hivyo hivyo. Ukitaka kujua nguvu kwa kutazama rangi, ni sawa na kutaka kujua pilipili inawasha kiasi gani kwa kutazama rangi ya mfuko uliobebea.

Na wakati watu wanashangaa rangi, nguvu yenyewe ilikuwa inapanda kimya kimya. Marekani wamepima bangi inayokamatwa na vyombo vya dola kwa miaka mingi. Mwaka 1995 wastani wa THC ulikuwa asilimia 4 hivi. Mwaka 2014 ulifika asilimia 12 hivi. Mara 3. Wale wale waliochagua wazazi wa mimea kwa rangi na harufu walichagua pia kwa nguvu, maana soko lilidai vyote.

Majina je, yanasaidia? Mwaka 2022 watafiti walichapisha uchunguzi wa vipimo karibu 90,000 vya bangi inayouzwa kihalali kwenye majimbo 6 ya Marekani. Wakakuta makundi yanayoandikwa kwenye lebo, hii ya kutuliza, hii ya kuchangamsha, hayaendani sawasawa na kemikali zilizomo. Hayo ni maduka yenye leseni na maabara. Sasa wewe unayeletewa kwenye karatasi Jumamosi na mtu wa bodaboda, utajua nini?

Na kichefuchefu? Ni kweli zipo dawa zenye kemikali za ukoo huu, za kipimo maalum, ambazo madaktari wa baadhi ya nchi huwaandikia wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa ajili ya matibabu. Hizo si ua la kuvuta, na hazikulengwa kwa mjamzito. Halafu kuna jambo wengi hawalijui: mwaka 2004 madaktari wa Australia walieleza ugonjwa wa watu waliotumia bangi sana kwa muda mrefu. Dalili yake ni kutapika kusikokoma. Dawa ya kichefuchefu ikageuka kuwa chanzo chake.

THC inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Matumizi ya bangi wakati wa ujauzito yanahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo na kuzaliwa kabla ya siku. Inaingia pia kwenye maziwa: utafiti wa mwaka 2018 uliikuta kwenye maziwa ya mama hadi siku 6 hivi baada ya kutumia. Mtoto mchanga hajui kama ilikuwa ya kijani au ya zambarau.

SEHEMU YA 6: Kutoka kwenye ua hadi kwenye pipi

Tarehe 1 Januari 2014 maduka ya bangi kwa watu wazima yalifunguliwa Colorado. Mtu anaingia, anaona chupa za vioo, maua yamepangwa kwa rangi kama duka la vitenge. Lakini ujuzi wa kuuza kwa macho haukuishia kwenye ua. Ulihamia kwenye pipi, biskuti, chokoleti. Zambarau, nyekundu, kijani, umbo la dubu, pakiti inayong'aa.

Na nani mwingine ananunua kwa macho? Mtoto wa miaka 3.

Vituo vya sumu vya Marekani vilipokea taarifa za watoto chini ya miaka 6 waliokula vyakula vyenye bangi: mwaka 2017 walikuwa 207. Mwaka 2021 walikuwa 3,054. Karibu wote walivipata nyumbani, mezani, kwenye mkoba, kwenye droo. Mama zao hawakuwa wazembe kuliko mimi na wewe. Kanada iliporuhusu bangi Oktoba 2018, sheria ilikataza vifungashio vya kuvutia watoto. Walikuwa wamekwishaona rangi inavyofanya kazi.

Kwetu Tanzania bangi imekatazwa, chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kenya wana sheria yao ya mwaka 1994. Sheria haziulizi ua ni la rangi gani. Lakini mizigo inasafiri, ndugu wanarudi kutoka nje na zawadi, na biskuti haina king'ora. Kwa hiyo naomba ushike haya:

1. Mtoto aliyekula bangi anaweza kusinzia kupita kawaida, kuyumba akitembea, kutapika, macho kuwa mekundu, moyo kwenda mbio. Akizidiwa anapumua kwa shida, anapata degedege au anapoteza fahamu. Ikiliwa huchelewa kuonekana, saa 1 au 2, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo usiseme "mbona mzima".

2. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ukidhani yanakata sumu. Anayesinzia anaweza kupaliwa. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, na pakiti ubebe.

3. Sema ukweli. Sisi manesi kazi yetu ni mtoto apumue. Ukituficha tutapoteza muda tukitafuta malaria na homa ya uti wa mgongo.

4. Mjamzito mwenye kichefuchefu: kula kidogo kidogo mara nyingi, chai ya tangawizi nyepesi, maji kwa vijiko. Ukishindwa kubakiza hata maji, mkojo ukawa mweusi au kizunguzungu kikakushika, njoo hospitali siku hiyo hiyo. Zipo dawa salama.

Binti yangu wa picha? Jumamosi ilipita, hakupokea kitu. Kliniki iliyofuata alikuja na mwenzake, kijana mpole, kofia mkononi. Nikawaeleza haya kwa kifupi, choya na bilinganya na yote. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa nesi, kama rangi haileti ulaini wala siyo dawa, ile zambarau waliitafuta miaka yote hiyo ya nini?"

Nikamwambia: ya kuuzia, baba.